Maswali mnayouliza sana kuhusu kutembea Dubrovnik kwenye lokesheni za Game of Thrones

Tangu niseme nimetembea Dubrovnik na waongoza watalii wa huko, maswali ni yale yale kila wiki, wengine wanauliza visa, wengine viatu, wengine wanataka tu kujua ngazi za malkia Cersei wa kwenye sirizi ziko wapi. Nimeyaweka yote hapa kwa pamoja.

Kwanza, Dubrovnik ni wapi na ilihusika vipi?

Iko Kroatia, kusini kabisa, pwani ya bahari ya Adriatiki. Ni mji wa zamani uliozungushiwa kuta za mawe, kuta zenye urefu wa mita 1,940 na sehemu nyingine zinapanda mpaka mita 25 hivi. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 1979. Kwenye sirizi ya Game of Thrones ndio King's Landing, yaani mji mkuu wa mfalme, kuanzia sizoni ya 2 kwenda mbele. Sizoni ya 1 iliyotoka 2011 walipiga Malta, ndo maana ukiirudia leo ukaangalia vizuri unaona mji kama umebadilika sura kidogo, si macho yako.

Hiyo ziara yenyewe inakwendaje?

Wengi mnakutana nje ya Lango la Pile, upande wa magharibi wa mji, hapo asubuhi utaona waongozaji kibao wameshika miavuli au vibao. Matembezi ya kawaida ni kama saa mbili, yote kwa miguu, kuanzia ghuba ndogo ya Pile chini ya ngome ya Lovrijenac, mnaingia mjini, mnapita barabara kuu ya Stradun, mnaishia kwenye ngazi za Wajesuiti au karibu na lango la pili la Ploče. Kuna ziara ndefu zinazoongeza kupanda Lovrijenac au kuvuka na boti kwenda kisiwa cha Lokrum, hizo zinakula nusu siku.

Si naweza kuzunguka mwenyewe na simu yangu? Kwa nini nilipe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nalijibu kwa kirefu.

Ndiyo, unaweza. Sehemu nyingi ni barabara na ngazi za wazi, hakuna anayekukata tiketi, na orodha ya lokesheni iko kila mahali onlaini. Sasa tatizo si kufika, tatizo ni kwamba ukifika huoni kitu. Unasimama kwenye ngazi unaona watu wanakula aiskrimu na paka amelala, unapiga selfi, unaondoka. Kwa sababu kile ulichokiona kwenye TV kilitengenezwa na pembe ya kamera, na nusu ya jengo lililokuwa nyuma ya mwigizaji ilichorwa kwenye kompyuta.

Muongozaji mzuri anafanya kitu kimoja ambacho simu yako haifanyi, anakuweka pale kamera iliposimama. Pale Pile, kwenye kagati kadogo ka mawe ambako leo vimefungwa vibotiboti vya kukodi, muongozaji anatoa picha ya sirizi iliyowekwa plastiki, anaishika mbele ya uso wako kwa mkono ulionyooka, anakwambia sogea kushoto, sogea tena, piga goti kidogo, halafu ule mstari wa mwamba wa Lovrijenac kwenye picha unaungana na mwamba wenyewe nyuma yake. Hapo ndo unaona kabisa kwamba mwamba ni wa kweli, ngome ya chini ni ya kweli, na minara yote mirefu myekundu iliyopanda juu yake haipo, iliongezwa. Pale pale Myrcella, binti wa Cersei, alipandishwa boti kupelekwa nchi ya Dorne. Nimeona watu wazima wanashangilia kwa sauti hapo na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo ushauri wangu, usichague ziara kwa kuhesabu lokesheni, eti hii ina kumi na mbili na hii ina ishirini. Soma maoni ya waliokwenda, tafuta wanaosema muongozaji alikuwa na picha na aliwasimamisha sehemu sahihi, pesa yako inakwenda hapo.

Sehemu gani za muhimu nisizikose?

Lovrijenac ndiyo ya kwanza. Ni ngome iliyokaa juu ya mwamba wa mita 37 kutoka baharini, nje ya kuta za mji, na ndiyo msingi wa Red Keep, kasri la mfalme kwenye sirizi. Juu kule kwenye uwanja wa wazi ndo ilipigwa ile sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Joffrey, yule mfalme kijana katili, mwanzoni mwa sizoni ya 2, watu wanapigana mpaka kufa yeye anacheka. Ila muombe muongozaji akuonyeshe unene wa kuta. Upande wa kutazama nje unafika mita 12, upande wa kutazama mji ni sentimita 60 tu. Walijenga hivyo makusudi, ili mkuu wa ngome akigeuka dikteta, watu wa mjini waweze kumvunjia ukuta kwa mizinga. Na juu ya mlango kuna maandishi ya Kilatini yanayosema uhuru hauuzwi hata kwa dhahabu yote. Ukisoma hayo halafu ukikumbuka Joffrey alikuwa amekaa ndani, unaelewa kwa nini wenyeji wanapenda kukusimulia hili.

Halafu ngazi za Wajesuiti. Hizi ndizo za yale matembezi ya aibu ya Cersei, alipotembezwa uchi mbele ya umati, epizodi ya mwisho ya sizoni ya 5. Zilikamilika 1738, zinapanda kutoka uwanja wa Gundulić, penye soko la mboga na matunda asubuhi, mpaka mbele ya kanisa la Mtakatifu Ignasi. Ukisimama chini ukatazama juu utajiuliza ile Sept kubwa, hekalu la kwenye sirizi, iko wapi, jibu ni kwamba haikuwepo, ni kompyuta. Kanisa lipo na ni zuri kweli, ila si lile jengo la kwenye TV. Kutoka hapo matembezi yake yaliunganishwa vipande vipande na mitaa mingine ya mjini, hasa ule wa Mtakatifu Dominiko karibu na Lango la Ploče, ambao ulitumika pia kwa soko na kwa siku askari wa majoho ya dhahabu walipowasaka watoto wa nje ya ndoa wa mfalme Robert. Vichochoro vya hapo vinafanana sana na vya Mji Mkongwe wa Unguja, kuta ndefu pande mbili, kamba za nguo juu, jua linaingia mchana tu.

Bokar ni ngome ya duara mkabala na Lovrijenac, Tyrion alisimama hapo kupanga ulinzi wa mji. Mnara wa Minčeta, ulio juu kabisa kwenye kona ya kaskazini, ndio ile nyumba ya wachawi kule Qarth, mji mwingine wa kwenye sirizi, Daenerys, yule binti mwenye dragoni, anauzunguka akitafuta mlango kwa sababu dragoni wake wameibwa. Hizi mbili unazifikia kwa kutembea juu ya kuta, na ziara nyingi haziingii kule, wanakuonyesha kwa chini tu, kwa hiyo panga siku nyingine ya kuta.

Ikulu ya Mtawala, yaani Knežev dvor, ilitumika kama nyumba ya yule tajiri wa viungo vya chakula (Spice King) kule Qarth, ngazi za ndani zile alizoteremka akimkatalia Daenerys meli. Leo ni makumbusho, unalipia kuingia. Bustani ya Gradac, kama dakika kumi kwa miguu kutoka Pile, ndo palipofanyika harusi ya Joffrey. Wengi wanaisahau, na huwa haina msongamano.

Kiti cha Chuma, kile cha enzi cha mfalme, kiko wapi?

Kile cha kwenye sirizi kilikuwa studio Belfast, Ireland ya Kaskazini, chumba chote cha enzi kilijengwa kule ndani. Lakini Lokrum kipo cha mfano, kwenye maonyesho madogo ndani ya monasteri ya zamani ya Wabenedikti, unakaa unapiga picha bila kulipa zaidi ya tiketi ya boti na kisiwa. Boti zinatoka bandari ya zamani, ni robo saa hivi. Kisiwa chenyewe kina tausi wanaotembea huru na ndipo ilipopigwa ile tafrija ya bustanini kule Qarth. Angalia saa ya boti ya mwisho maana hairuhusiwi kulala kisiwani. Mjini pia kuna maduka ya zawadi yenye viti vya namna hiyo, wengine wanataka ununue kitu kwanza, uliza kabla hujakaa.

Na zile bustani ambazo Sansa anakaa na bibi Olenna?

Hizo ni Trsteno, kama kilomita 20 kaskazini-magharibi ya mji, kwa hiyo ziara ya miguu haifiki huko. Kuna basi, au ziara za gari. Ni bustani ya miti iliyoanzishwa karne ya 15 na kama una nusu siku ya ziada nenda, kuna kivuli, kuna bahari chini, na karibu na barabara kuna miti miwili mikubwa sana yenye umri wa zaidi ya miaka 500.

Meereen, mji aliotawala Daenerys, pia ni hapo?

Hapana. Meereen ni ngome ya Klis, karibu na Split, na lile handaki alilofungia dragoni ni vyumba vya chini vya kasri la Diokletiano hapo hapo Split. Braavos, mji mwingine wa kwenye sirizi, ni Šibenik. Zote Kroatia ila Split ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Dubrovnik. Ule mkutano mkubwa wa sizoni ya 7 kwenye shimo la dragoni ni Hispania, magofu ya Italica. Na wanaouliza House of the Dragon, ile sirizi iliyokuja baada ya hii, King's Landing yao sehemu kubwa ni Cáceres, Hispania, kwa hiyo usiende Dubrovnik kuitafuta hiyo.

Mji ulipochomwa kwenye sizoni ya 8, walichoma wapi?

Hawakuchoma Dubrovnik, jamani. Walijenga mitaa ya mfano Belfast, wakaiga kuta na mawe ya Dubrovnik, wakabomoa hiyo.

Ila nitasema jambo hapa kwa sababu naona watu wanalipita. Huu mji ulishambuliwa kweli. Kuanzia Oktoba 1991 ulizingirwa na jeshi la Yugoslavia, maji na umeme vikakatwa, na tarehe 6 Desemba 1991 mabomu yalinyesha ndani ya kuta kutwa. Zaidi ya nusu ya majengo ya mji wa zamani yalipigwa. Ukipanda juu ya kuta tazama mapaa, utaona vigae vingi vina rangi ya chungwa kali na vichache vimefifia vimekuwa kama kahawia na manjano. Vile vilivyofifia ndivyo vya zamani vilivyopona. Waongozaji wengi wenye umri wa miaka 40 na kitu walikuwa watoto hapo ndani, wakiongea kuhusu dragoni wanacheka, ukiwauliza vigae wanabadilika. Waulize kwa heshima, wengi wanapenda kusimulia, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya matembezi yote. Ndani ya kasri la Sponza kuna chumba chenye picha za waliokufa kuulinda mji, ingia hata dakika tano.

Kuna muvi nyingine zilizopigwa hapo?

Zipo. Machi 2016 walikuja kupiga Star Wars: The Last Jedi, Stradun ikageuzwa mji wa kamari wa Canto Bight. Robin Hood ya 2018 nayo imepigwa hapo. Baadhi ya ziara zinachanganya zote, ila uzito uko kwenye Game of Thrones.

Sijaangalia sirizi hata epizodi moja, nitaboeka?

Ukienda na kundi la mashabiki utachoka, hilo ni kweli. Chukua ziara ya historia ya mji, au kama mwenzako ndiye shabiki, tafuteni ya kundi dogo na mwambieni muongozaji mapema, atachanganya. Mji una mambo yake ya kutosha, duka la dawa la Wafransisko limekuwepo tangu 1317, na enzi hizo Dubrovnik ilikuwa jamhuri yenyewe, ikapiga marufuku biashara ya watumwa 1416. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunajua hiyo tarehe ina maana gani.

Visa je? Nina pasipoti ya Kenya / Tanzania / Uganda / Kongo.

Unahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyo hiyo wakaanza kutumia yuro. Visa ya matembezi inakupa mpaka siku 90 ndani ya siku 180, ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Kama tayari una kibali cha kuishi Ujerumani, Italia, Uswidi na kadhalika unaingia nacho. Kama unaishi Uingereza, Oman au Marekani lakini pasipoti yako ni ya nyumbani, bado unaomba visa, kibali cha kuishi huko hakisaidii.

Omba ya kuingia mara nyingi ukiweza. Sababu yake ni hii, Dubrovnik imetenganishwa na Kroatia nyingine kwa kipande kidogo cha Bosnia, mji wa Neum. Zamani kwenda Split kwa barabara ilikuwa lazima uvuke mipaka miwili. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac, unapita juu ya bahari hutoki Kroatia. Kwa hiyo mwenye visa ya kuingia mara moja, kabla hujakata tiketi ya basi la Split uliza, linapita darajani au Neum? Na zile safari za siku moja za Mostar (Bosnia) au Kotor (Montenegro) ambazo utauziwa kila kona, hizo zinakutoa nje ya Schengen kabisa, usizinunue kama visa yako ni ya kuingia mara moja maana hutarudi.

Inagharimu kiasi gani?

Bei zinabadilika kila msimu kwa hiyo angalia siku unayobuku. Ziara ya kundi ni nafuu, ya peke yenu ni mara kadhaa zaidi. Kinachowashtua watu ni tiketi ya kuta, iko juu kweli, ila tiketi hiyo hiyo inakuingiza na Lovrijenac, usiitupe ukishuka. Kama unapanga kuta pamoja na makumbusho, linganisha kwanza na Dubrovnik Pass, inabeba kuta, makumbusho kadhaa na mabasi ya mjini, na mara nyingi tofauti yake na tiketi ya kuta ni ndogo. Ukiona ziara inatangaza Lovrijenac, uliza kama tiketi ya kuingia imo kwenye bei, mara nyingi haimo. Bakshishi si lazima ila muongozaji akikufurahisha mpe, na kwa zile ziara zinazoitwa za bure, bakshishi ndiyo malipo yake.

Niende mwezi gani, saa ngapi?

Mei, mwanzoni mwa Juni, mwishoni mwa Septemba, Oktoba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 30, mawe yanarudisha jua usoni, na meli kubwa za watalii zinashusha watu bandari ya Gruž asubuhi kisha mchana Stradun haipitiki. Kama huna mwezi mwingine basi chukua ziara ya kwanza ya asubuhi au ya jioni. Majira ya baridi mji ni mtulivu na bei zinashuka, ila boti za Lokrum zinasimama na bura, upepo wa baridi wa huko, unauma.

Viatu gani? Mama yangu ana magoti, ataweza?

Raba zenye soli inayoshika. Mawe ya Stradun yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi, yanang'aa kama kioo, mvua ikinyesha ndala zitakuangusha. Maji usinunue kila saa, chemchemi ya Onofrio ndani ya Lango la Pile ina maji ya kunywa tangu karne ya 15, jaza chupa.

Kwa wazazi wenye magoti, Stradun yenyewe ni tambarare, kama mita 300 tu, na ghuba ya Pile inafikika. Lovrijenac na kuta ni ngazi nyingi mno, waacheni wapumzike mgahawani. Mwandikie mwenye ziara kabla, mwambie mama ana magoti, yupo atakayebadilisha njia na yupo atakayekwambia haiwezekani, bora ujue mapema. Kitimwendo ni kigumu sana kwenye vichochoro. Watoto wanapenda, ila sirizi yenyewe si ya watoto, mwambie muongozaji mna mtoto wa miaka fulani atapunguza damu.

Naruhusiwa kuigiza matembezi ya aibu?

Kupiga picha ukipanda au kushuka ngazi, ruksa. Kuvua nguo hapana. Mjini kutembea kifua wazi au na nguo za kuogelea kuna faini, mabango yapo. Hapo juu ni kanisa ambamo watu wanasali, na pembeni watu wanaishi, kwa hiyo zile kelele za kengele na "shame, shame" saa nne usiku ziacheni. Wakazi wa ndani ya kuta wamebaki wachache, wengi wamehamia nje kwa sababu nyumba zimekuwa za kupangisha watalii, waliobaki wanastahili kulala.

Na lile jumba la hoteli ya Belvedere, ambapo mpiganaji anayeitwa Mlima alimpasua Oberyn kichwa kwenye sirizi, ni gofu tangu vita na ni mali ya mtu, usiruke uzio. Ukiwa kwenye boti ya Lokrum unaliona vizuri tu.

Chakula cha halali na kusali?

Kuna msikiti mdogo ndani ya mji wa zamani, mtaa wa Miha Pracata, hauna mnara kwa hiyo utafute kwa jina la mtaa. Migahawani samaki ni wengi, pweza, ngisi, dagaa wa kuchoma, uliza tu kama wamepikia mvinyo maana wanapenda kuutia.

Kuna muongozaji wa Kiswahili?

Mimi sijakutana na ziara iliyotangazwa kwa Kiswahili. Kiingereza kipo kila saa, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania vipo kwa kubuku. Mkiwa familia au washkaji kadhaa, chukueni ziara ya peke yenu na mmoja awe anatafsiri, waongozaji wa huko wana leseni na wana subira, watasimama wakusubiri umalize.